Panya waliozimwa jeni na siri ya selimundu

Na Mwandishi Wetu

MTOTO mwenye ugonjwa wa selimundu huzaliwa akionekana mzima. Hunyonya, hulala na kuongezeka uzito kama watoto wengine. Miezi kadhaa baadaye, mara nyingi kabla hajatimiza mwaka mmoja, mikono na miguu huanza kuvimba, maumivu huanza na damu hupungua.

Je, kwa nini ugonjwa aliozaliwa nao humsubiri kwa miezi yote hiyo? Sehemu kubwa ya jibu imepatikana kwa msaada wa mnyama asiyependwa na watu wengi, yaani panya.

Panya wanaozungumziwa hapa si wale wanaotoboa magunia ghalani. Ni panya wadogo wa maabara waliozimwa jeni, yaani wale ambao jeni moja kati ya zaidi ya 20,000 walizonazo imeharibiwa kwa makusudi. Hoja ya watafiti ni nyepesi: ukitaka kujua kazi ya fundi mmoja katika karakana, mwondoe, kisha utazame ni kazi ipi inayokwama.

Panya alichaguliwa kwa sababu mimba yake huchukua takriban siku 20 tu na huzaa watoto wengi kwa mara moja. Aidha, ramani ya vinasaba vyake iliyochapishwa mwaka 2002 ilionyesha kuwa takriban asilimia 99 ya jeni zake zina jeni zinazofanana nazo kwa binadamu.

Watatu walioleta mbinu hiyo

Mbinu hii ilizaliwa kutokana na kazi za wanasayansi watatu waliotunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2007. Hao ni Martin Evans wa Uingereza, pamoja na Mario Capecchi, mzaliwa wa Italia, na Oliver Smithies, mzaliwa wa Uingereza, ambao wote wawili walifanya kazi Marekani.

Mwaka 1981, Evans na mwenzake Matthew Kaufman walifanikiwa kukuza maabarani seli shina kutoka katika kiinitete cha panya. Seli hizo zina uwezo wa kugeuka kuwa kiungo chochote cha mwili.

Capecchi na Smithies, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa inawezekana kuilenga jeni moja ndani ya seli na kuibadilisha. Capecchi alipoomba fedha za utafiti huo mwaka 1980, waliopitia ombi lake waliona kuwa hauwezi kufanikiwa. Hakukata tamaa, na mwaka 1989 panya wa kwanza waliotokana na mbinu hiyo walitangazwa.

Kwa kawaida, mtafiti hutengeneza kipande cha kinasaba kinachofanana na jeni anayoilenga, ila katikati kimeharibiwa. Kipande hicho huingizwa katika seli shina, na katika seli chache huchukua nafasi ya jeni ya asili. Seli hizo huchaguliwa, zikaingizwa katika kiinitete kingine na kupandikizwa kwa panya jike. Watoto wanaozaliwa huwa mchanganyiko wa seli za aina mbili. Baada ya kuzalishwa kwa vizazi, hupatikana panya ambao nakala zote mbili za jeni hiyo zimezimwa.

Yaliyogunduliwa

Mwaka 2003, maabara ya Capecchi ilionyesha kuwa panya waliozimwa kundi la jeni liitwalo Hox10 huota mbavu hadi kiunoni. Hivyo ikathibitika kuwa kazi mojawapo ya jeni hizo ni kuzuia mbavu zisiote mahali pasipostahili wakati mwili unajengwa tumboni.

Panya waliozimwa jeni ya p53 mwaka 1992 walizaliwa wakiwa wa kawaida, lakini wengi wao walipata saratani kabla ya kutimiza miezi sita. Jeni hiyo ni mlinzi dhidi ya saratani.

Hata hivyo, panya si binadamu. Panya waliozimwa jeni inayosababisha ugonjwa wa sistiki faibrosisi walipata matatizo makubwa ya utumbo, lakini mapafu yao hayakuharibika kama ya wagonjwa.

Kurudi kwa selimundu

Mtoto mchanga hulindwa na himoglobini aliyokuwa akiitumia tumboni mwa mama, ambayo haipindishi chembe nyekundu za damu. Ugonjwa hujitokeza himoglobini hiyo inapopungua. Mwaka 2008, watafiti wa Boston walionyesha kuwa jeni ya BCL11A ndiyo huizima.

Tatizo lilikuwa kwamba panya waliozimwa jeni hiyo mwili mzima hufa mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa bahati nzuri, katika miaka ya 1990 ilibuniwa njia ya kuzima jeni katika aina moja tu ya seli. Mwaka 2011, BCL11A ilipozimwa katika seli zinazotengeneza chembe nyekundu pekee, panya wenye selimundu walipata nafuu kubwa.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa, huhaririwa na kurudishwa mwilini.

Bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, na wengi wao bado hutegemea kuongezewa damu, dawa za kuzuia maambukizi na haidroksiurea.

Sasa watafiti wanatafuta njia ya kuhariri jeni ndani ya mwili, bila kulazimika kutoa seli za mgonjwa, ili gharama ishuke. Majaribio ya awali ya njia hiyo nayo yameanzia kwa panya.