Somo la Historia: Mchoraji Anayetangulia Sinema

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu ana karatasi ya somo mbele yake. Sikilizeni kwanza, baadaye mtasoma wenyewe, polepole.

Leo tutajifunza habari za kazi ambayo matunda yake tunayaona, lakini mwenye kuifanya hatumwoni. Ni kazi ya mchoraji anayetangulia sinema.

Kazi hiyo ni nini? Fikirini mtu anayetaka kujenga nyumba. Fundi hachanganyi saruji kabla ya kuona ramani. Sinema nayo ni hivyo hivyo. Mwandishi ameandika: "Sungura anaishi kando ya mto." Lakini masikio ya sungura huyo yana urefu gani? Mto una rangi gani? Hapo huitwa mchoraji. Humchora sungura kwa mbele, kwa ubavuni na kwa nyuma. Humchora akicheka, tena akiwa na hasira. Huuchora mto asubuhi, huuchora na usiku. Wenzake huzitazama picha hizo, nyingine wakazikataa, nyingine wakazikubali. Zilizokubaliwa ndizo huwaongoza mafundi wote.

Kazi hii si mpya. Huko Marekani, Walt Disney aliwatumia wachoraji wa namna hii kutengeneza sinema ya Snow White, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1937. Tena, kabla ya sinema ya Star Wars ya mwaka 1977, Ralph McQuarrie alichora picha za rangi ambazo zilisaidia kuwashawishi wenye kampuni watoe fedha. Mnaona basi: picha ilitangulia hata fedha.

Sasa turudi kwetu Dar es Salaam. Ukitoka soko la Kariakoo, ukapita Fire na kuifuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, utafika Hospitali ya Muhimbili, Upanga. Wengi wetu tumekwenda pale kutazama wagonjwa. Hapo zamani alifanya kazi msaidizi wa wauguzi aliyeitwa Edward Saidi Tingatinga.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, katika wilaya ya Tunduru, upande wa kusini. Alikwenda shule kwa miaka michache tu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na vifaa vya kizungu. Alichukua ubao mwembamba wa kutengenezea dari, akaukata mraba, akatumia rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Alichora chui, ndege, tembo na watu wa kijijini. Mkewe, Agatha, alimsaidia kuziuza picha hizo karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Hata alipoajiriwa Muhimbili hakuacha brashi yake.

Na kwenye picha zake aliandika kwa mkono wake: E. S. Tingatinga. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Mwaka 1972 alikufa kifo cha kusikitisha. Polisi waliokuwa wakifukuza wezi walimpiga risasi, wakidhani ni mmoja wao. Lakini kazi haikufa. Jamaa na wanafunzi wake, kama January Linda, Simon Mpata na Omary Amonde, waliendelea kuchora kwa mtindo wake. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga.

Sasa sikilizeni jinsi picha za ubaoni zilivyofika kwenye televisheni. Kampuni moja ya London, Tiger Aspect, ilitaka kutengeneza katuni za watoto kutokana na hadithi za Afrika, zile za kueleza kwa nini mnyama fulani yuko vile alivyo. Sura za wanyama, madoadoa yao na rangi zao kali zilifuata michoro ya Tingatinga. Kazi ya kuzichezesha picha ilifanywa Nairobi. Mwaka 2010 vipindi hivyo, vilivyoitwa Tinga Tinga Tales, vilianza kuonyeshwa Uingereza, kisha vikaenea nchi nyingine. Kwa hiyo mtumishi wa Muhimbili aliitangulia sinema kwa miaka 40 na zaidi, bila kujua kwamba siku moja itatengenezwa.

Hapa pana swali zito. Mtindo ule ni mali ya nani? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hii humlinda mchoraji kwa picha aliyoichora. Mtu haruhusiwi kuichukua picha hiyo na kuitumia kwa biashara bila idhini yake. Lakini sheria hailindi wazo wala mtindo peke yake. Kuchora chui mwenye madoa ya mviringo hakukatazwi kwa mtu yeyote. Mlinzi wa mchoraji, basi, ni mambo mawili: jina lake juu ya kazi yake, na mapatano yaliyoandikwa kabla hajaitoa kazi hiyo mkononi.

Thamani ya jina tumekwisha kuiona. Wako watu waliochora picha za uongo, wakaandika juu yake jina la Tingatinga, kwa kuwa jina lile lilileta fedha. Herufi chache pembeni mwa ubao zilikuwa mali.

Ndugu wanafunzi, huenda kijana wenu ana mkono mzuri wa kuchora. Msimwambie kwamba anapoteza wakati. Mwambieni mambo matatu: aandike jina lake, asome kila karatasi mpaka mwisho, asitie sahihi asilolielewa. Na asiyejua kusoma atasomewa na yule anayemnunua. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujibu katika kikundi
1. Mchoraji anayetangulia sinema hufanya kazi gani?
2. Tingatinga alitumia vifaa gani, na kwa nini?
3. Sheria inalinda kitu gani, na hailindi kitu gani?
4. Andika jina lako kamili mara tatu, kwa mwandiko ulio wazi.

Kwaherini mpaka somo lijalo.