Wenye Vituo na Vita vya Nyimbo: Chama cha Watangazaji wa Marekani, 1923–1941

Historia ya utangazaji wa kibiashara huandikwa mara nyingi kwa kufuata wavumbuzi wa mitambo na sheria za serikali. Makala hii inashikilia kwamba vyama vya wenye vituo navyo vilichangia kuamua kipi kisikike hewani. Mfano wake ni Chama cha Kitaifa cha Watangazaji cha Marekani (NAB).

Chama hicho kilizaliwa Chicago mwaka 1923, na chanzo chake kilikuwa malipo ya nyimbo. ASCAP, jumuiya ya watunzi na wachapishaji iliyoundwa mwaka 1914, ilikuwa imeanza kuvidai vituo ada ya kila mwaka. Wenye vituo walijitetea kwamba hawamtozi msikilizaji hata senti moja. Mwaka huohuo mahakama ya shirikisho huko New Jersey iliutupa utetezi huo katika shauri dhidi ya duka la Bamberger, lililomiliki kituo cha WOR. Duka haliendeshi redio kwa hisani: linatangaza jina lake, na jina ni biashara.

Kwa miaka kumi na sita iliyofuata vituo vililipa huku vikinung'unika. Mwaka 1939, kwa kuhofia nyongeza nyingine, wenye vituo walikutana tena Chicago na kuazimia kuunda wakala wao wenyewe wa haki za muziki, Broadcast Music, Inc. (BMI). Kisha, tarehe 1 Januari 1941, mitandao mikubwa na vituo vingi vikaacha kupiga nyimbo za ASCAP. Pengo lilizibwa kwa nyimbo za BMI na zile zilizokwisha muda wa hakimiliki. Wimbo wa Jeanie wa Stephen Foster, mtunzi aliyefariki mwaka 1864, ulirudiwa hadi ukawa kichekesho. Mgomo wa mitandao ulikwisha Oktoba, kwa ada iliyokuwa chini sana ya ile iliyodaiwa.

Ushindi huo wa ada, kwa maoni yetu, ndio sehemu ndogo ya habari. ASCAP ilikuwa imewapokea hasa watunzi wa Broadway na Hollywood. Wengi waliotunga blues na nyimbo za wakulima wa Kusini walibaki mlangoni. BMI, iliyohitaji nyimbo kwa haraka, iliwafungulia. Chama kilichotaka kulipa kidogo kikawafikishia mirabaha watu ambao hawakuwahi kulipwa chochote. Hisani hapo haikuwapo, ila njaa ya nyimbo.

Hata hivyo, wenye vituo sasa walishika vitu viwili kwa pamoja: kipaza sauti, na hisa katika wakala wa nyimbo zinazopita humo. Mwaka 1953 watunzi 33, akiwamo Arthur Schwartz, waliishtaki BMI pamoja na mitandao, wakidai kwamba nyimbo zao zinanyimwa nafasi hewani.