Kupambanua

Kijana anasimama mbele ya ushirika: "Nimeoneshwa niache kazi." Mzee mmoja anamuuliza taratibu, "Neno linasemaje, mwanangu? Na mama watoto anasemaje?" Hapo ndipo kupambanua kunapoanza.

Neno hili limetokana na pambana: mambo yaliyopambana yamekutana yakashikamana. Kiambishi cha kutendua, kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua, huyatenganisha. Biblia ya Union Version ya 1952 inakitumia kitenzi kupambanua katika Waebrania 5:14, na pale ni kazi ya waliokomaa kwa mazoezi, wala si ya ndoto ya usiku mmoja.

Ndugu wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo lililoenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilishika sana hili. Mtu akitaka kuoa, aliwaeleza wenzake, wakapima jambo kwa Maandiko, wakaliombea. Ushirika uliweza kuwa mkali kupita kiasi, ni kweli. Hata hivyo mimi nauchagua ukali huo kuliko "nimeoneshwa" isiyokubali kuulizwa swali, maana moyoni mwetu hofu, tamaa na sauti ya Mungu vimepambana kweli kweli.