Sanduku Moja na Chekeche Lake

Ewe msomaji kijana, fikiri kwanza juu ya jambo hili. Mwanafunzi mmoja aliyemaliza shule anangoja barua ya kuitwa chuoni. Barua hiyo haitaletwa na tarishi, wala haitatiwa katika sanduku la posta mjini. Itakuja kwa njia ya barua pepe. Kila siku anaifungua simu yake na kutazama, asione kitu. Kumbe barua imekwisha fika siku nyingi. Imevutwa na kompyuta kuukuu iliyoachwa ikiwaka katika duka la mjomba wake, ambayo aliitumia zamani akaisahau. Na kompyuta ile, kwa kuidhania barua kuwa ni taka, imeitupa kando. Siku ya kujibu inapita, na nafasi yake anapewa mwingine. Je, kosa ni la nani? Ili tulijibu swali hili yatupasa kurudi nyuma na kuitazama historia, maana kila desturi ya leo ina chanzo chake cha jana.

Hapo mwanzo hapakuwa na taabu yo yote ya namna hii. Katika mwaka wa 1965, katika chuo cha MIT huko Marekani, Tom Van Vleck na Noel Morris walitunga programu iliyomwezesha mtu kumwachia mwenziwe ujumbe. Siku zile kompyuta ilikuwa mtambo mkubwa mmoja, nao uliwahudumia watu wengi pamoja, kila mtu akiketi mbele ya mashine yake ya kupigia chapa iliyoungwa na mtambo kwa waya. Barua zote zilikaa mle mle ndani ya mtambo. Mtu akiketi mahali po pote penye waya ule, alizikuta barua zake vile vile alivyoziacha.

Mwaka wa 1971 Ray Tomlinson, fundi wa kampuni ya BBN katika mji wa Cambridge, Massachusetts, aliupeleka ujumbe kutoka mtambo mmoja hadi mwingine kwa njia ya mtandao ulioitwa ARPANET. Mitambo hiyo miwili ilisimama ubavu kwa ubavu, lakini njia iliyoiunga ilikuwa ya mtandao tu. Ni yeye aliyeichagua alama ya @ ilitenge jina la mtu na jina la mtambo wake, na alama hiyo ingali katika kila anwani unayoiandika leo.

Baadaye zikaja kompyuta ndogo za mezani, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kompyuta ya mezani huzimwa usiku, kwa hiyo haiwezi kupokea barua wakati wote. Basi barua zikapokewa na mtambo usiolala, uitwao seva, na kompyuta ndogo ikawa inakwenda kuzichukua. Kanuni ya kuzichukua ilitolewa mwaka wa 1984, ikapewa jina la POP. Desturi yake ilikuwa kama ya mtu aendaye posta: alifungua sanduku, akatoa barua zote, akarudi nazo nyumbani, na sanduku likabaki tupu. Kwa mtu mwenye kompyuta moja, na hasa aliyelipia simu kwa kila dakika, desturi hiyo ilifaa sana.

Lakini je, mwenye kompyuta mbili? Barua aliyoichukua akiwa ofisini haikuonekana nyumbani. Alipojaribu kuiacha nakala katika seva, alipata udhia mwingine: barua aliyokwisha isoma huku ilijitokeza kule kama mpya, na ile aliyoifuta kule ilikuwa ingali huku. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mtu huyu alikuwa na madaftari mawili yasiyopatana, na hiyo ni hasara sawa na kukosa daftari.

Dawa ilipatikana kwa Mark Crispin, aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka wa 1986 aliibuni kanuni ya IMAP. Fikira yake ilikuwa nyepesi: barua zisiondoke katika seva. Kompyuta, ziwe mbili au kumi, ziwe kama madirisha ya kuchungulia nyumba moja. Na si barua tu zikaazo huko, bali hata alama zake: hii imesomwa, hii imejibiwa, hii imefutwa. Ukiisoma barua kwa simu asubuhi, kompyuta ya shuleni itajua adhuhuri. Basi ile raha ya mwaka wa 1965 ilirudi kwa mlango mwingine.

Sasa tugeukie taka. Mapema, katika mwezi wa Novemba 1975, Jon Postel aliandika waraka mfupi akionya kwamba mtambo uliokuwa katika mtandao haukuwa na njia ya kukataa ujumbe usioutaka. Onyo lake lilithibitika tarehe 3 Mei 1978, wakati Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, alipowapelekea watu wapata 400 tangazo moja la biashara. Wengi walichukizwa, na wakuu wa mtandao wakakemea. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Kanuni ya kupeleka barua iliyotolewa mwaka wa 1982 haikumtaka mpelekaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Na kwa kuwa kuipeleka barua moja au elfu moja hakukumgharimu sana, walaghai na wachuuzi waliongezeka kama nzige.

Ndipo watu walipotafuta chekeche la kutenga nafaka na makapi. Machekeche ya kwanza yalifuata amri ngumu: barua yenye neno fulani itupwe. Walaghai wakaliandika neno lile kwa herufi zilizopotoshwa, wakapita. Njia iliyo bora ilitokana na hesabu ya bahati ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka wa 1761. Mwaka wa 1998 wataalamu wa Marekani walionyesha namna ya kuitumia kwa barua taka, na mwaka wa 2002 Paul Graham aliieneza kwa makala yake. Chekeche hili hujifunza. Mwenye barua hulionyesha zilizo taka na zilizo njema. Nalo huhesabu kila neno limeonekana mara ngapi upande huu na mara ngapi upande ule. Barua mpya ikija, huyapima maneno yake pamoja na kutoa hukumu.

Hapa, msomaji, shida mbili zinakutana. Ikiwa kila kompyuta ina chekeche lake, kila moja imejifunza kwa mwalimu wake. La ofisini limezoea barua za kazi. La nyumbani halizijui, huzitupa. Barua ni zile zile, sanduku ni lile lile, lakini mahakimu ni wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tena, kompyuta yenye chekeche ikizimwa, taka zote humiminika katika simu. Kwa sababu hiyo mafundi walilihamisha chekeche wakaliweka mlangoni, katika seva yenyewe. Mwaka wa 2001 ilitolewa hata lugha maalum ya kuiamuru seva namna ya kuzipanga barua, ikaitwa Sieve, yaani chekeche. Siku hizi ukiiondoa barua njema katika kasha la taka kwa kompyuta yo yote, mara nyingi unalifundisha chekeche moja linalozitumikia zote.

Hata hivyo usidhani kwamba faida hii ni ya bure. Mwenye seva ndiye mwenye nyumba. Barua zako zote zi mikononi mwake, naye akifunga mlango, utabaki nje. Kwa hiyo barua usizotaka kuzipoteza ziwekee nakala mahali pengine. Wala hakuna chekeche lisilokosea. Taka moja ikipenya, utaifuta na kusahau. Lakini barua njema moja ikitupwa, huenda mtu akakosa chuo, kazi, au habari za mzazi mgonjwa.

Basi turudi kwa mwanafunzi wetu. Mlaghai ana lawama yake, maana ndiye aliyetulazimisha kuweka chekeche. Lakini kijana naye hakujua barua zake zikaa wapi, na ni nani azichekechaye. Wewe jifunze kwa hasara yake. Ziorodheshe kompyuta zote ulizozipa ufunguo wa sanduku lako, na zile usizozitumia uzinyang'anye. Sanduku liwe moja na chekeche liwe moja. Na kila juma, hasa ungojapo habari kubwa, lifungue kasha la taka kwa mkono wako, ukatazame. Mashine yaweza kukusaidia kuchagua, lakini hasara ya kukosea ni yako.