Chemsha Bongo ya Nyimbo za Zamani: Soul, Kufokafoka na Njia ya Makambako

Chemsha bongo ni mchezo wa maarifa unaofahamika kwa kila aliyepita shule ya Tanzania. Muulizaji huuliza, muda huhesabiwa, na jibu huwa ama sahihi ama kosa. Mchezo huo unapohusu nyimbo za zamani za soul na hip-hop, maswali huwa ya namna moja: nani aliimba, mwaka gani, nani alitangulia. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, jibu lake hutegemea nani aliandika habari, na aliiandikia wapi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba historia ya muziki huo nchini Tanzania imehifadhiwa kama historia ya Dar es Salaam, ilhali lugha iliyobeba muziki huo ilisafiri mbali zaidi. Mfano unaotumika ni wa Makambako na Njombe, katika Nyanda za Juu Kusini.

Yafaa kuanza na soul. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Dar es Salaam walivutiwa na sahani za santuri za Wamarekani Weusi, James Brown akiwa miongoni mwa waliopendwa zaidi. Kipindi hicho ndicho Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul jijini kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Barua za wasomaji zikafuata magazetini. Baadhi waliuliza kwa nini muziki wa watu weusi ukatazwe huku muziki mwingine wa kigeni ukiachwa. Swali hilo halikuwa la ngoma na dansi pekee. Lilihusu nani ni ndugu wa Mwafrika na nani ni mgeni wake.

Mwezi huohuo wa Novemba 1969, huko Cincinnati, James Brown na bendi yake walirekodi “Funky Drummer”. Midundo ya mpiga ngoma wake, Clyde Stubblefield, ilikuja kunakiliwa na kutumiwa upya katika nyimbo nyingi sana za hip-hop. Hip-hop yenyewe huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1973 mtaani Bronx, New York, pale DJ Kool Herc aliporefusha vipande vya ngoma vya sahani za aina hiyo ili watu wacheze. Kwa hiyo anayepimwa ujuzi wa hip-hop ya zamani hupimwa pia ujuzi wa soul, hata asipojua. Muziki uliofungiwa mlango Dar es Salaam ulirudi baada ya miaka ishirini hivi kwa jina jingine, na safari hii ulisema Kiswahili.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alijipatia umaarufu kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa “Ice Ice Baby” wa Vanilla Ice. Kundi la Kwanza Unit liliundwa mwaka 1993. Sheria ya utangazaji ya mwaka huo iliruhusu redio za watu binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Mr. II na baadaye Sugu, akazidi kuutia muziki huo hoja za maisha ya kila siku. Alikuja kuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Albamu ya Hard Blasters ya mwaka 2000, Funga Kazi, ilikuwa na wimbo ulioitwa kwa jina la mchezo wetu, “Chemsha Bongo”.

Kwa mwanaisimu, ushahidi mkubwa umo katika majina ya tendo lenyewe. Wasikilizaji wa kwanza waliuita muziki huo wa kufokafoka. Kufoka ni kufurika kwa kitu kichemkacho, na pia ni kusema kwa hasira. Urudufishaji wa kitenzi unaongeza wazo la kurudiarudia, na pengine wa kufanya jambo bila uzito. Jina hilo lilitolewa na mtu aliyesimama nje, akasikia kelele. Vijana wenyewe walichagua kuchana, na kilichochanwa wakakiita mistari. Wahakiki wa fasihi nao wakapendelea kughani, neno la ushairi wa kale. Vitenzi vitatu kwa tendo moja ni misimamo mitatu, na anayejibu chemsha bongo hujitambulisha kwa kitenzi anachokichagua.

Aidha, muundo wa Kiswahili uliulazimisha muziki huo kubadilika. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Kina cha silabi moja ya mwisho hupatikana bila jasho. Mkazo nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana mchanaji hodari hatosheki na silabi moja. Hutafuta kina kipana kama cha safari, habari na hatari, ambapo silabi yenye mkazo nayo hushiriki. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita alikwisha kulitambua tatizo hilo, akalitatua kwa kufunga vina vya kati na vya mwisho ubeti mzima. Wanafunzi wanaoukumbuka mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na ushairi huru wa miaka ya 1970 wataona kwamba mjadala uleule ulihamia kwenye kanda.

Sasa tupande milimani. Makambako ni njiapanda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na tawi la kuelekea Njombe na Songea huanzia hapo. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 na iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976, nayo hupita hapo baada ya kupanda kutoka Mlimba kwa mahandaki na madaraja mengi. Mwaka huohuo bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya soul, roki na mapigo ya Kiafrika, ilitoa albamu yake Ave Africa nchini Zambia. Njia ya nchi kavu ya kufika huko ni hiyohiyo ya Makambako. Sahani ile ilichapishwa upya London mwaka 2016, na hivyo ikaingia katika maswali ya wapenzi wa muziki wa zamani duniani. Mji uliokuwa njiani haumo katika maswali hayo.

Hapo ndipo neno bongo linapodai tahadhari. Ni ubongo ulionyofolewa kiambishi chake, likawa jina la utani la Dar es Salaam, mji ambao mtu haishi bila kutumia akili. Baadaye likawa jina la nchi nzima, na likaupa jina muziki wa bongo fleva. Maana ya neno ilipanuka hadi Njombe. Kumbukumbu haikupanuka nalo. Amri ya 1969 imehifadhiwa kwa sababu iliandikwa magazetini. Kanda zilizouzwa stendi na kuchezwa ndani ya mabasi hazikuandikiwa amri wala barua, na utepe wa kanda huharibika. Aliyekuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1969 amepita sabini na tano.

Kwa hiyo chemsha bongo ya kitaaluma haina budi kuongeza maswali. Wimbo huu ulifika Njombe kwa redio, kwa kanda au kwa mdomo wa msafiri? Wazungumzaji wa Kibena na Kikinga waliuitaje? Ni maneno gani ya mistari yaliyobaki katika Kiswahili cha stendi ya Makambako? Majibu ya maswali haya hayamo katika orodha za washindi. Yamo kwa watu walio hai, na mwanafunzi mwenye daftari na kinasa sauti anaweza kuyafikia kwa nauli ya basi.