Waliouawa na Radi Bonde la Kilombero

Kila anayeandika habari za Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, hukimbilia mbu. Wandamba na uvuvi wao, Wambunga walioingia bondeni karne ya 19 baada ya vita vya Wangoni, watawa Wakapuchini wa Uswisi: wote hao hupewa aya moja, kisha anatajwa Rudolf Geigy, mtafiti wa Uswisi aliyefika mwaka 1949, na maabara yake ya magonjwa ya tropiki ya mwaka 1957. Ni kweli tupu. Lakini waliouawa na radi hawamo, na hilo linaniuma.

Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kuishi miezi kadhaa vibandani. Kule mbugani mtu aliyeinama na jembe, akiinuka, huwa ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo jirani. Mvua ikimkuta hukimbilia mti pekee uliobaki. Radi ikiupiga, umeme husambaa ardhini na kumpata hata asipougusa. Unyevu uliomo kiatuni hugeuka mvuke ghafla na kukipasua. Kiatu hicho ni ushahidi.

London wanalijua hilo. Makumbusho ya Hunterian yametunza mavazi yaliyochanika ya James Orman, kibarua wa shamba aliyepigwa na radi mwaka 1878. Tena huyo alipona!

Sisi tuna karatasi. Tangu 1996 watafiti wa Ifakara wamepita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Kilombero na Ulanga wakiandika vizazi na vifo, wakiwauliza wafiwa ndugu yao alikufaje. Ni hazina kubwa. Ila katika orodha ya sababu za vifo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2012 kwa mahojiano ya aina hiyo, radi ilichanganywa na mafuriko na matetemeko chini ya nguvu za asili, ilhali orodha kuu ya magonjwa na vifo ya shirika hilohilo wakati huo iliipa namba yake, X33.

Nao wanaosema radi hutumwa na wachawi kutoka Sumbawanga wanafunga mjadala mapema: aliyekwisha kupata mchawi haulizi marehemu alisimama wapi. Magazeti nayo huchagua: Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi sita shuleni Geita na nchi nzima ikasikia. Mkulima wa mbugani hufa bila gazeti.

Reli ya TAZARA na daraja la Kilombero vimeandikwa vya kutosha. Ninachodai ni chumba kimoja Ifakara: jembe lililoungua, kiatu kilichopasuka, na maelezo ya wafiwa wenyewe, kwa ridhaa yao, yakitolewa makabatini.