Gari la Mjomba na Bei ya Vitu vya Kale



Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia, bila shaka alitazamia niandike juu ya walimu wetu wakuu au ujenzi wa mabweni. Mambo hayo yamekwisha kuelezwa vizuri na wakubwa wangu katika matoleo yaliyopita. Mimi nimechagua historia ya gari moja, kwa kuwa lisingalikuwa gari hilo nisingaliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1997, wala jina langu lisingalikuwamo katika orodha ya wanachama wa jumuiya hii.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, gari dogo la mbio, la milango miwili na viti viwili, lenye boneti ndefu. Wasomaji wenye mvi watalikumbuka jina lake. Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika Safari ya mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller, ndani ya Datsun 240Z, na gari la pili lilikuwa 240Z vilevile, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Mwaka uliofuata mashindano hayo yakabaki Kenya peke yake.

Mjomba wangu alikuwa kijana wa gereji pale Arusha katika miaka hiyo, akijifunza ufundi kwa kukabidhi spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Matokeo ya Safari waliyasikiliza redioni, kazi zikasimama. Miaka michache baadaye mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihamia ng'ambo alishindwa kumlipa Mjomba malipo ya matengenezo ya muda mrefu, akamwachia 240Z yake iliyokuwa imegonga ng'ombe. Mjomba aliinyoosha bodi kwa nyundo na subira. Mimi nililikuta gari hilo likiwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake, limefunikwa turubai, likiwashwa kila Jumapili. Petroli ya kuliendesha haikuwapo, lakini petroli ya kuliwasha alikuwa nayo.

Baba yangu alifariki mwaka 1996. Barua ya kujiunga na shule yetu ilipofika mwaka uliofuata, ikiwa na orodha ndefu ya ada, godoro, sanduku na sare, Mama aliisoma akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Siku ya tatu Mjomba alikuja kutuamkia, akaiomba ile barua, akaondoka nayo. Wiki ile ile turubai likabaki chini ya mwembe bila kitu ndani yake. Aliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa shilingi laki moja na themanini elfu. Nilikwenda shule na godoro jipya.

Kwa miaka mingi sikulifikiri tena jambo hilo. Nilikuja kulifikiri baada ya kuajiriwa serikalini, niliposoma habari moja iliyonikosesha raha. Katika miaka ile ile ya 1996 hadi 1998, tawi la kampuni ya Nissan nchini Marekani lilikuwa likinunua 240Z kuukuu, likizifufua toka chasisi hadi rangi, na kuziuza kupitia mawakala wake kwa dola 24,950 kila moja. Kwa thamani ya shilingi ya wakati ule hizo ni milioni 15 hivi. Yaani gari ambalo Mjomba alilitoa kwa laki moja na themanini elfu, ndugu yake aliuzwa kwa zaidi ya mara 80 ya bei hiyo, tena katika kipindi kile kile.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza historia ya bei hizi, na ninawaletea niliyojifunza.

Gari jipya la 240Z liliuzwa Marekani mwaka 1970 kwa dola 3,526. Yalitengenezwa zaidi ya laki moja na nusu hadi mwaka 1973, kwa hiyo halikuwa kitu adimu. Kama magari mengine yote, bei yake ilishuka kila mwaka, likauzwa mkono hadi mkono, likafika kwa vijana wasio na fedha za matengenezo, na mengi yakaishia kuwa vyuma chakavu. Ni baada ya mengi kwisha ndipo yaliyobaki yalipoanza kutafutwa. Wanaoyatafuta aghalabu ni wale waliokuwa wavulana gari lilipotoka, wakabandika picha yake ukutani, na sasa wana umri mkubwa na fedha. Januari 2020 gari moja la 1970, lililokuwa limetembea maili 21,000 tu, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000.

Lakini msomaji na ajihadhari na hesabu za namna hii. Kwanza, dola nazo zimepungua thamani: dola 3,526 za mwaka 1970 zilikuwa sawa na zaidi ya dola 23,000 za mwaka 2020. Pili, gari lile lilikuwa la pekee. 240Z nyingi huuzwa kwa makumi ya maelfu tu. Tatu, bei za vitu vya kale hupanda na kushuka. Enzo Ferrari alipofariki mwaka 1988, bei za magari yake zilipaa mno, zikisukumwa na matajiri wa Japani na kwingineko. Mwaka 1990 uchumi wa Japani ulipotetereka, zikaporomoka, na walionunua kwa mikopo waliumia. Ni kweli kwamba baadaye zilipanda tena kupita mwanzo. Ferrari 250 GTO, ambayo yalitengenezwa magari 36 tu kati ya 1962 na 1964 na kuuzwa dola 18,000 hivi likiwa jipya, mojawapo liliuzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Hata hivyo katikati ya kilele na kilele kuna bonde.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni gharama ya kufufua. Ule mpango wa Nissan niliousifu ulikoma baada ya magari yasiyofika 40, ingawa kampuni ilikusudia kuuza mengi zaidi. Sababu fundi yeyote ataieleza. Ukilivua rangi gari la miaka ile utakuta kutu imekula sakafu, vizingiti vya milango na sehemu ya kukalia betri. Bati huwezi kulinyoosha tu, bali hulikata, ukalifinyanga jipya, ukalichomelea, ukalisugua. Kisha kuna injini ya silinda sita, kabureta mbili, gia boksi, mipira ya milango na vioo, viti, na dashibodi ambayo jua limeipasua. Saa za kazi huhesabiwa kwa mamia, na mnunuzi akija atauliza kama namba ya injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani. Kama siyo, bei inashuka. Wengi waliofufua magari haya wametumia fedha nyingi kuliko walizopata walipoyauza. Tena tazameni: lile gari la dola 310,000 lilipata bei ile kwa sababu lilitunzwa tangu mwanzo. Kulitunza kulikuwa rahisi kuliko kulifufua.

Haya niliyajua kwa kusoma. Mwaka juzi nikayajua kwa macho.

Binamu yangu alinipigia simu kwamba bodi la gari la Mjomba lingalipo, katika yadi moja nje ya mji wa Arusha. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi milioni nane. Nilinuia kulinunua, kulifufua, na kumletea Mjomba mlangoni kabla Mwenyezi Mungu hajamwita, maana amekwisha timiza miaka 75. Nilifuatana na fundi bodi ninayemwamini.

Tulilikuta limelala juu ya mawe, bila magurudumu. Injini, mwenye yadi alisema, ilifungwa kwenye pikapu zamani, na pikapu yenyewe iliuzwa. Fundi wangu alitia mkono sakafuni, ukatokea upande wa pili. Nilipouliza bei, mwenye yadi alitoa simu yake akanionyesha picha ya 240Z inayong'aa na bei yake kwa dola, akataka milioni 20. Mwaka 1997 mwenzake alinunua gari zima, linalowaka, kwa bei ya chuma. Sasa yeye aliuza chuma kwa bei ya gari. Sikumlaumu, kwani soko limemfikia kama lilivyonifikia mimi. Fundi alipiga hesabu kwenye karatasi ya sigara: vipuri kutoka nje, ushuru, injini ya kutafuta, bati, rangi na ujira. Alisimama kwenye milioni 60 akasema, "Hapo sijagusa viti."

Jioni nilikwenda kwa Mjomba. Sikukusudia kumwambia, lakini alinuka kutu kwenye nguo zangu.

"Mjomba, umetoka gereji gani?" akauliza.

Nikamweleza yote, pamoja na zile dola za Marekani, na nikamwomba radhi kwamba kwa ajili yangu alipoteza mali. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile sakafu imeliwa upande wa dereva au wa abiria. Nikamwambia pande zote mbili. Akatikisa kichwa.

"Ningebaki nalo lingeoza hapa hapa mwembeni," akasema. "Nilikuwa naliwasha tu, sakafu sikuipaka hata dawa. Fedha ya dawa sikuwa nayo. Nililiuza lingali gari, nikajua ninanunua nini. Wewe unataka kuuza nini ulinunue?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikitaka kuuza akiba ya watoto wangu ili ninunue mashimo.

Ndugu zangu, Mei 2022 kampuni ya Mercedes-Benz iliuza moja ya magari mawili ya 300 SLR yenye paa iliyoyaunda mwaka 1955, kwa euro milioni 135, bei ambayo haijapata kusikika kwa gari lolote kabla yake. Fedha zile zikafanywa mfuko wa kuwasomesha vijana. Magazeti ya dunia yaliandika sana, kama ilivyo haki. Nami niliposoma nilifurahi, ila nilijiambia kwamba fundi mmoja wa Arusha alitangulia kufanya hivyo kwa miaka 25, bila mnada wala mpiga picha, na hakuwa na gari la pili ghalani.

Zile milioni nane sikuzipeleka yadi. Sehemu yake imeezeka upya nyumba ya Mjomba, ambayo mabati yake yalikuwa yameanza kula kutu, na tumeipaka rangi ya kuzuia kutu mapema, kwa amri yake mwenyewe. Sehemu nyingine inamsomesha mjukuu wake, ambaye mwaka huu yuko Kidato cha Pili katika shule yetu. Wakati wa mkutano wetu mtamwona. Ni mrefu, na anapenda kukaa karibu na magari ya wageni. Mjomba nimemwalika pia. Akija, naomba wenye magari ya zamani mmfungulie boneti.

Nawatakia nyote safari njema ya kuja na mkutano wa heri.